Joto, Unyevu na LUKU: Gharama ya Kiyoyozi katika Nyumba za Pwani

Katika nyumba zenye kiyoyozi za ukanda wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, msimu wa kaskazi ndio unaomaliza uniti za umeme kwa kasi kuliko misimu mingine. Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, na katika miezi hiyo joto la mchana jijini Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, huku usiku, ambao katika miji mingi ya bara huleta nafuu, ukibaki kwenye nyuzi 25 au zaidi na hewa ikiwa imejaa mvuke wa bahari. Familia nyingi huikabili hali hiyo kwa kushusha namba kwenye rimoti, kisha kwa kulalamikia bei ya umeme, na hatimaye kwa kufikiria kununua mtambo mkubwa zaidi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba gharama ya kiyoyozi hupangwa kwanza na nyumba yenyewe, yaani na paa, ukuta wa magharibi, madirisha na nyufa zake, na kwamba mtambo hulipia tu joto na unyevu ambao nyumba imekwisha kuuruhusu uingie. Anayetaka kupunguza gharama hiyo anapaswa kuanzia kwenye nyumba, kisha aufikie mtambo.

Hesabu ya fedha inafaa kutangulia, kwa sababu bila hiyo ushauri wote hubaki maneno. Uniti moja ya umeme ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Mteja wa Tanzania Bara anayenunua umeme kwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, akiwa katika daraja la kawaida linaloitwa T1, hulipa kwa bei iliyopangwa mwaka 2016 shilingi 292 kwa uniti, na zikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya mamlaka ya udhibiti, uniti hiyo hufika takribani shilingi 356. Daraja la D1, lililowekwa kwa ajili ya kaya zenye matumizi madogo, hutoza shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Kenya nako, tangu mabadiliko ya bei ya Aprili 2023, wateja wa majumbani wamegawanywa katika ngazi ya chini isiyozidi uniti 30 kwa mwezi, ngazi ya kati inayofika uniti 100, na ngazi ya juu kupita hapo. Mipango yote miwili inamwangukia mwenye kiyoyozi kwa namna moja, kwa kuwa kifaa hiki peke yake kinatosha kuivusha kaya kutoka bei ya unafuu hadi bei kamili.

Uchukuliwe mfano wa chumba kimoja cha kulala chenye kiyoyozi cha BTU 12,000 cha aina ya zamani, ambacho kompresa yake ikiwaka huvuta takribani kilowati 1.2. Kikiwashwa saa 4 usiku na kuzimwa saa 12 asubuhi, na kompresa ikawa inafanya kazi kwa asilimia 60 ya muda huo, usiku mmoja hula uniti 5.8 hivi, na mwezi mmoja uniti 173, yaani takribani shilingi 61,500. Uniti 75 za daraja la D1 huisha kabla ya usiku wa kumi na nne, hata kama jokofu, taa na pasi havijahesabiwa. Kompresa hiyohiyo ikilazimika kufanya kazi asilimia 90 ya usiku, mwezi hugharimu zaidi ya shilingi 92,000, na ikiweza kupumzika hadi ikafanya kazi asilimia 40 tu, gharama hushuka hadi shilingi 41,000. Mtambo ni uleule, chumba kina ukubwa uleule na waliolala ni walewale, lakini tofauti inazidi shilingi 50,000 kwa mwezi, na tofauti hiyo inatokana na kiasi cha joto na unyevu ambacho kompresa imelazimika kukitoa.

Neno kutoa limetumika kwa makusudi, kwa kuwa kiyoyozi hakitengenezi baridi. Ndani ya mabomba yake ya shaba huzunguka gesi maalumu ambayo, ikifika kwenye koili ya ndani, hufyonza joto la chumba, kisha husukumwa na kompresa hadi kwenye koili ya nje, ambako feni huliachia joto hilo mtaani. Kwa kila kilowati moja ya umeme, mtambo wa kawaida huhamisha kilowati zipatazo tatu za joto, na uwiano huo ndio unaoitwa ufanisi wa kiyoyozi. BTU, kipimo ambacho wauzaji wa Kariakoo na Mombasa hukitaja kila siku, ni kipimo cha joto linaloweza kuhamishwa kwa saa, na BTU 12,000 kwa saa ni sawa na kilowati 3.5. Mtambo wa kwanza wa aina hii, uliobuniwa na mhandisi Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn nchini Marekani, ulikusudiwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi na kuvuruga rangi, na raha ya binadamu ilifuata baadaye. Historia hiyo ina maana kubwa kwa pwani, kwa kuwa hapa unyevu ndio nusu iliyofichika ya gharama.

Hewa ya nje ya Dar es Salaam mwezi Februari huwa na kiwango cha umande cha nyuzi 24 hivi. Kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipozwa hadi kulifikia, mvuke uliomo huanza kugeuka kuwa maji, na kinapokuwa juu kiasi hicho kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takribani gramu 21 za mvuke. Chumba chenye nyuzi 25 ambacho mtu analala humo bila kunata mwili huwa na gramu 12 au 13 tu. Tofauti hiyo ya gramu 8 au 9 lazima iondolewe na kiyoyozi kwa kila mita ya ujazo inayopenya kutoka nje, na kazi hiyo ni ghali, kwa sababu mvuke unapogeuka maji kwenye koili huachia joto lote lililoufanya uwe mvuke. Lita moja ya maji huachia joto la kilowati 0.68 kwa saa nzima, ambalo ni karibu moja ya tano ya uwezo wote wa mtambo wa BTU 12,000, na kazi hiyo hufanyika bila joto la chumba kushuka hata uzi mmoja.

Kipimo cha jambo hili kimo katika kila nyumba na hakihitaji chombo cha fundi. Ndoo ikiwekwa chini ya bomba dogo la plastiki linalotiririsha maji ya kiyoyozi nyuma ya ukuta, kisha ikaangaliwa asubuhi, itaonyesha kazi iliyofanywa kwa ajili ya unyevu peke yake. Ndoo ya lita 10 iliyojaa kwa usiku mmoja ina maana kwamba uniti 2.3 za umeme, yaani zaidi ya shilingi 800, zimetumika kukausha hewa. Pumzi na jasho la watu wawili waliolala huchangia gramu 80 hadi 100 kwa saa, ambazo kwa usiku mzima hazifiki lita moja, na sehemu kubwa ya maji yanayobaki yameingia na hewa ya nje. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari la mita 2.7 kina mita za ujazo 32, na hewa yake ikibadilishwa yote na ya nje mara moja huleta zaidi ya robo lita ya maji. Ikibadilishwa mara nne kwa saa, jambo ambalo katika chumba chenye nyufa nyingi si ajabu, huleta lita moja nzima kila saa.

Hewa hiyo huingilia mahali panapojulikana, ingawa ni nadra kuangaliwa. Kuna mwanya chini ya mlango, ambao katika nyumba nyingi kidole hupita bila kugusa mbao. Kuna madirisha ya alumini ya kusukuma ambayo vioo vyake viwili havikutani sawasawa katikati, au ambayo brashi zake za pembeni zimeshakatika. Kuna tundu ambalo fundi alitoboa ukutani ili kupitisha mabomba ya shaba, kisha akaliacha wazi nyuma ya kifuniko cha plastiki. Na kuna matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya madirisha zamani, wakati nyumba ilipotakiwa kupumua. Vyumba vyenye choo ndani vina tatizo la ziada, kwa kuwa dirisha la choo huachwa wazi usiku kucha na mlango wa choo nao haufungwi. Kijiti cha udi kikiwashwa na kupitishwa taratibu kando ya fremu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, moshi wake hunyooka palipo salama na hupinda ghafla palipo na upenyo. Mpira wa kuzibia milango, silikoni ya madirisha na saruji kidogo kwenye tundu la mabomba vinagharimu kidogo kuliko umeme wa mwezi mmoja wa chumba kinachovuja.

Kuziba huku kuna mpaka ambao ni lazima utajwe bila kuficha. Chumba kilichofungwa vizuri kinapaswa kufunguliwa asubuhi na jioni ili hewa yake ibadilike, na jiko la mkaa, chetezo chenye makaa au jenereta havipaswi kamwe kuwa ndani yake au karibu na dirisha lake, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi inayotokana na moto huo haina harufu na huua watu usingizini. Akiba ya umeme haina thamani yoyote mbele ya hatari hiyo.

Unyevu unaeleza pia makosa mawili ya ununuzi yanayoziumiza kaya. La kwanza ni la kununua feni za maji, zile zinazojazwa maji na barafu na kuuzwa kama mbadala wa kiyoyozi. Kifaa hicho hupoza kwa kuvukiza maji, na katika hewa kavu ya Dodoma miezi ya kiangazi kinaweza kuleta nafuu ya kweli, lakini katika hewa ya pwani ambayo tayari imeshiba mvuke huongeza unyevu chumbani na kumwacha mlalaji akinata zaidi kuliko mwanzo. Kosa la pili ni la kununua mtambo mkubwa kupita chumba. Kiyoyozi cha BTU 18,000 katika chumba kinachohitaji 9,000, hasa kikiwa cha aina ya zamani isiyoweza kupunguza nguvu, hushusha joto kwa dakika chache kisha huzima kabla maji hayajapata muda wa kutiririka kutoka kwenye koili, na matokeo yake ni chumba chenye baridi ya majimaji, ambacho mwenye nyumba, akidhani baridi haijatosha, hukishushia namba zaidi. Vitambaa vya godoro huanza kunuka ukungu, na LUKU huisha mapema.

Joto lenyewe huingia zaidi kutoka juu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na Mombasa nyuzi 4, na kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi mwaka mzima, likipita juu kabisa ya Dar es Salaam katikati ya Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Adhuhuri yenye anga safi kila mita ya mraba ya paa hupokea nguvu inayokaribia kilowati 1, na paa la rangi nzito, kama zile bati za rangi ya damu ya mzee au kijivu kilichokolea zinazopendwa sasa, hufyonza asilimia 80 au 90 ya nguvu hiyo. Bati jipya lisilo na rangi linaonekana kung'aa na kurudisha mwanga, lakini chuma kitupu hakiachii joto lake angani kwa urahisi, na hivyo nalo huunguza, na likishaanza kutu hufyonza zaidi. Rangi nyeupe ya paa, ikiwa safi, hurudisha asilimia 70 au 80 ya jua na pia huachia joto vizuri. Kati ya mambo yote yaliyotajwa katika mhadhara huu, hakuna linalostahili kutangulizwa kuliko hili la kupaka paa rangi nyeupe, kwa sababu linalipa kila siku yenye jua, lina manufaa hata kwa vyumba visivyo na kiyoyozi, na linamfaa hata jirani ambaye hatamiliki kiyoyozi maisha yake yote.

Chini ya bati kuna nafasi ya pili ya kujikinga. Dari la jipsamu likiwa peke yake hupata joto kutoka kwenye bati lililo juu yake kwa njia ya mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga bila kuhitaji kugusana, na karatasi ya alumini iliyotandazwa chini ya mbao za paa, upande wake unaong'aa ukiangalia chini na nafasi ya hewa ikiachwa kati yake na dari, hukata sehemu kubwa ya mnururisho huo. Matundu kwenye ukingo wa paa yenye wavu wa kuzuia popo husaidia hewa ya moto kutoka, mradi dari lenyewe lisiwe na mianya, kwani dari lenye mashimo ya taa yasiyozibwa huvuta hewa hiyo ya moto na yenye unyevu hadi chumbani.

Kuta hazipigwi na jua kwa kiasi sawa. Ukuta wa kusini, ambao hupata jua la Desemba, unalindwa kwa urahisi, kwa kuwa adhuhuri ya mwezi huo jua huwa juu sana na ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 hutosha kufunika karibu mita 2 za ukuta. Ukuta wa magharibi hauna kinga hiyo, maana jua la alasiri huja limeinama na hupita chini ya kila ukingo. Dirisha la kioo cha kawaida la mita 1.2 kwa 1.5 linaloelekea magharibi linaweza kuingiza takribani wati 850 za joto saa 10 alasiri, ambazo ni robo ya uwezo wa mtambo wa BTU 12,000, na pazia zito la ndani huzuia sehemu tu ya joto hilo, kwa sababu likishapita kioo limeshaingia. Kivuli chenye nguvu ni kile cha nje: chandarua cha turubai, chiki za mianzi, luva za mbao, au mwarobaini uliopandwa mahali panapofaa. Ukuta wa tofali za saruji za sentimita 15 nao hupokea jua hilo na kulipitisha polepole kwa muda wa saa nne hadi tano, na ndiyo maana wakaazi wa vyumba vya magharibi huukuta ukuta ukiwa moto saa 2 au 3 usiku, wakati hasa wanapowasha kiyoyozi. Chumba cha kulala kilichoko mashariki, ambacho jua lake liliisha adhuhuri, huwa kimeshapoa kufikia saa hiyo, na familia yenye uwezo wa kubadilishana vyumba hupata akiba bila kununua kitu.

Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa mji wa kale wa Lamu, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, walikabiliana na jua hilohilo kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba ambamo nyumba hutiliana kivuli, na madirisha ya luva yanayozuia jua na kuruhusu upepo. Itakuwa kosa, hata hivyo, kuichukua nyumba ya aina hiyo na kuifungia viyoyozi kila chumba, kwa maana ilijengwa ipitishe hewa, na kila kilichoifanya ipitishe hewa sasa huwa upenyo wa unyevu. Nyumba ya kisasa ina kosa la kinyume chake: imefungwa vioo ambavyo hufunguka nusu tu, haina kivuli, na bado inavuja. Rai ya mhadhara huu ni kwamba kaya ichague chumba kimoja, kidogo kadiri inavyowezekana na kisichoelekea magharibi, kizibwe na kukingwa vizuri kiwe cha kiyoyozi, na nyumba yote iliyobaki iachwe wazi kwa upepo na pangaboi. Kupoza sebule yenye mlango unaofunguliwa kila dakika na jiko linalochemka upande wa pili ni kazi isiyo na mwisho, na ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko zote.

Pangaboi limedharauliwa bila sababu. Huvuta wati 50 hadi 75, na likiwashwa saa 8 kwa wati 60 hutumia chini ya nusu uniti, yaani shilingi 170 hivi kwa usiku. Halipunguzi joto la chumba, na kwa hiyo linapaswa kuzimwa chumba kikiwa hakina mtu, lakini upepo wake huharakisha kukauka kwa jasho na kumfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi 2 hadi 3. Ukiunganishwa upepo huo na kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 26 au 27, mlalaji hupata raha ileile ambayo bila pangaboi ingehitaji nyuzi 24. Ofisi ya ufanisi wa nishati ya India, BEE, hukadiria kwamba kila uzi mmoja unaopandishwa huokoa takribani asilimia 6 ya umeme wa kiyoyozi, na tangu Januari 1, 2020 viyoyozi vya vyumbani vinavyouzwa nchini humo vinatakiwa kuwaka vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Japani, katika kampeni ya Cool Biz iliyoanza mwaka 2005, iliweka nyuzi 28 kuwa kiwango cha maofisini na kuwaruhusu wafanyakazi kuvua tai na koti. Desturi ya kuweka nyuzi 16 au 18 ili chumba kipoe haraka haina msingi katika mtambo wa zamani, kwa kuwa kompresa yake ina kasi moja tu na namba ya chini huiambia iendelee kufanya kazi, haiiambii iongeze nguvu. Chumba kinachovuja kikiwekewa nyuzi 18 huenda kisifikie kiwango hicho usiku kucha, kompresa isipumzike hata mara moja, na usiku huo ukagharimu zaidi ya shilingi 3,400. Inafaa pia kukumbuka kuwa kuelekea alfajiri hewa ya nje huwa katika hali yake ya chini kabisa ya joto, na kitufe cha saa kikipangwa kizime mtambo saa 10 alfajiri, pangaboi likabaki, robo ya muda wa usiku huokolewa. Ushauri huu hauwahusu wagonjwa, wazee sana na watoto wachanga pale joto linapozidi, kwa maana kwao kiyoyozi ni kinga ya afya na akiba itafutwe kwingine.

Kuhusu mtambo wenyewe, jambo la chujio linaweza kusemwa kwa ufupi: lioshwe kwa maji kila baada ya wiki mbili, na koili ya nje, ambayo pwani hushikwa na chumvi ya bahari, isafishwe na kuachiwa nafasi ya kupumua mbali na ukuta na mizigo. Jambo la gesi linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa limegeuzwa kuwa ada ya kila mwaka. Gesi ya kiyoyozi huzunguka katika mfumo uliofungwa na haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ina maana imevuja, na fundi anayeijaza kila msimu bila kutafuta panapovuja anamwachia mteja gharama mbili, ya gesi itakayotoka tena na ya umeme unaopotea kompresa inapohangaika na gesi pungufu. Dalili za uvujaji huonekana kwa macho: barafu kwenye bomba la shaba lililoko nje, doa la mafuta karibu na nati za maungio, na maji ya sabuni ambayo yakipakwa kwenye nati hizo hutoa mapovu. Panapovuja pazibwe kwanza, kisha gesi ijazwe kwa kupimwa kwenye mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mtambo. Mitambo ya zamani yenye gesi ya R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, haistahili kununuliwa tena hata ikiuzwa kwa bei ya chini, na gesi nyingi zilizoirithi nazo zimewekewa mpango wa kupunguzwa na marekebisho yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016.

Anayenunua mtambo mpya atazame namba mbili kwenye kibandiko chake na kugawanya BTU kwa wati: jibu likiwa 10, mtambo ni wa ufanisi wa zamani, likiwa 12 au zaidi, ni bora. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2016 zilianzisha vibandiko vya nyota vinavyorahisisha ulinganisho huo. Viyoyozi vya inveta, ambavyo kompresa yake hubadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima, huokoa zaidi vinapofanya kazi saa nyingi katika chumba kilichozibwa vizuri, ambako vinaweza kutulia katika kasi ndogo usiku mzima. Inveta ikipunguza theluthi moja ya zile uniti 173 za mfano wa mwanzo, akiba ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mwezi wa joto. Ikifungwa katika chumba kinachovuja, hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa muda wote, na faida iliyonunuliwa kwa bei kubwa hupotea.

Kikwazo kigumu zaidi katika mambo haya ni cha mkataba wa nyumba. Paa, rangi, madirisha na dari ni mali ya mwenye nyumba, lakini umeme hulipwa na mpangaji, na kwa hiyo anayeweza kupunguza gharama hana sababu ya kufanya hivyo, na mwenye sababu hana mamlaka ya kugusa paa. Mpangaji anaweza kuziba milango, kutundika chiki dirishani na kufunga pangaboi atakaloondoka nalo. Kwa paa, njia ya haki ni makubaliano ya maandishi wakati wa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka, kwamba mpangaji atanunua rangi na kulipa fundi, na gharama hiyo ikatwe yote au nusu kwenye kodi, kwa kuwa rangi hiyo pia hulilinda bati dhidi ya kutu na hivyo humwongezea mwenye nyumba miaka ya matumizi. Kazi yenyewe ifanyike Septemba, paa likiwa kavu na kabla ya mvua za vuli: bati lisuguliwe kutu na kuoshwa vumbi, lipakwe kwanza rangi ya msingi inayozuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya paa, na pale ambapo maji ya mvua hukingwa kwa ajili ya kunywa, ichaguliwe rangi isiyo na risasi na mvua ya kwanza iachwe ipite bila kukingwa.